Mjadala: Tašlihan ya Sarajevo ijengwe upya, au magofu yaachwe yalivyo?

Wakuu, waliotangulia kuchangia wanataka Tašlihan, ile hani, yaani nyumba ya kufikia wafanyabiashara, katikati ya Sarajevo, isimamishwe tena kama ilivyokuwa enzi za Waturuki. Wanasema daraja la zamani la mji wa Mostar, huko huko Bosnia, lilijengwa upya baada ya kubomolewa vitani, sasa hii ina kosa gani? Mimi napinga.

Tašlihan ilijengwa kati ya 1540 na 1543 kwa amri ya Gazi Husrev-beg, gavana wa Bosnia katika dola ya Uthmaniya. Ilikuwa jengo la mawe la mraba, upande mmoja kama mita 47, lenye ua katikati. Katika nyumba za namna hii msafara uliingia kwa lango moja, mizigo ikateremshwa uani, shehena na wanyama wakabaki chini, na wenye mali wakapanda kulala vyumba vya juu. Lango likifungwa usiku, mtu analala bila kuwaza wezi. Tena haikuwa mali ya tajiri fulani. Ilikuwa ya wakfu, na kodi ya wageni ilisaidia kuendesha taasisi alizoziacha gavana yule, ukiwemo msikiti wake na madrasa.

Mwaka 1879, Austria-Hungaria ikiwa imeshika nchi kwa mwaka mmoja tu, moto mkubwa ulikula sehemu kubwa ya mji wa biashara, na Tašlihan ikaungua. Mwaka 1882 ikafunguliwa Hoteli Europe papo hapo jirani. Misingi ilifukuliwa 1998, na leo mabaki yako kwenye bustani ya hoteli hiyo.

Sasa tuje Mostar. Lile daraja la 1566 lilipigwa mizinga makusudi mpaka likaanguka, tarehe 9 Novemba 1993. Watu waliolivuka kila siku walikuwa hai, picha zilikuwepo, vipimo vilikuwepo. Lilipofunguliwa tena 2004, waliolibomoa walinyimwa walichokitaka. Hapo kujenga upya kulikuwa haki, na ningekuwa na uwezo ningechangia. Tašlihan haikubomolewa na adui. Iliungua pamoja na mitaa mizima, kisha mji ukaendelea kuishi juu yake. Hakuna mtu wa kurudishiwa alichoporwa.

Ukitaka kuielewa Sarajevo, simama mtaa wa Ferhadija pale palipochorwa mstari ardhini. Geukia mashariki: paa za chini, vibanda vya mafundi, minara ya misikiti. Geukia magharibi: maghorofa ya mtindo wa Vienna. Moto wa 1879 ndio uliofungua nafasi ya mji huo wa pili kupanda. Kisha tembea hatua chache hadi kwenye magofu. Utaona mabaki ya kuta za mawe, upande mmoja bezistani, soko la zamani lenye paa, ambayo bado ni soko, upande mwingine hoteli. Kipande hicho kidogo cha ardhi kinaonyesha dola mbili na moto uliokuwa kati yao. Ukijenga juu yake hani mpya yenye sura ya zamani, unafuta moto, unafuta 1879, unabaki na jengo lisilotuambia lolote kuhusu yaliyotokea.

Kuna aliyetaja Morića Han, hani nyingine ya Sarajevo, nayo ni hoja nzito. Iliungua 1957, ikatengenezwa miaka ya 1970, na leo watu wanakunywa kahawa uani kwake. Ni kweli, na napapenda sana. Lakini Morića Han haikuwahi kuondoka katika maisha ya mji. Ilikuwa ikiungua na kutengenezwa tangu zamani. Tašlihan imeshapita zaidi ya karne bila paa. Na kama kiu yenu ni kuona hani iliyo hai, basi hiyo ipo, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu.

Kinachonikera mimi ni kitu kingine. Magofu ya mali ya wakfu hayafai kuwa pambo la bustani ya watu wanaokula. Nyumba hiyo haikuwa mali ya tajiri fulani, kwa hiyo njia ya kufika kwenye mawe yale iwe wazi kwa kila mtu, bila kuulizwa ameagiza nini. Pawekwe maelezo yanayomtaja Husrev-beg, yanayotaja wakfu, yanayotaja moto. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kujenga ghorofa.

Anayetaka ijengwe atujibu mambo mawili. Vyumba vya juu atavichora kwa ushahidi gani, wakati kilichobaki ni kuta za chini? Na jengo likishakamilika, kodi itaingia mfuko wa nani?