Tupeane uzoefu: malipo ya dada wa kazi ratiba inapobadilika ghafla

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo naamini limezigusa nyumba nyingi hapa Dodoma, hasa kati ya Aprili na Juni, Bunge la bajeti linapokaa na sisi tunaofanya kazi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, tunapoambiwa saa 9 alasiri kwamba hakuna kuondoka mpaka majibu ya waziri yakamilike.

Binti anayemlea mwanangu anaishi kwake, Nzuguni, na tulikubaliana shilingi 150,000 kwa mwezi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni. Mwezi Mei nilichelewa siku kumi na moja. Kila mara nilimpigia simu kumwomba radhi, naye kila mara alijibu, "Haina shida, dada," nami nikaliamini neno hilo kuliko nilivyopaswa. Mwisho wa mwezi nilimwongezea shilingi 10,000 za shukrani. Alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka mezani, kisha akaleta daftari la mwanangu la kuchorea. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya picha ya kuku, alikuwa ameandika kila tarehe na saa niliyoingia mlangoni. Jumla ilikuwa saa 26.

Nakiri kwamba kwanza nilikasirika, nikahisi nimechunguzwa ndani ya nyumba yangu. Usiku niliisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na kutaka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Mshahara wake ukigawanywa kwa saa 195 za mwezi, saa moja ni kama shilingi 770, na ya ziada ni 1,155. Alikuwa ananidai shilingi 30,000, nami nilikuwa nimempa theluthi yake huku nikijiona mkarimu. Wenzangu mlilimalizaje?

Mlezi, Nkuhungu
Shikamoo dada. Mimi ni upande wa yule binti. Kwangu tatizo halikuwa kuchelewa, bali kuambiwa nisije. Saa 12 kasoro asubuhi, nikiwa tayari ndani ya daladala, uliingia ujumbe: "Leo pumzika, bibi yake amefika kutoka Kondoa." Bibi alikaa wiki mbili, na mwisho wa mwezi nilikatwa siku kumi, ilhali mwenye nyumba wangu hakunipunguzia hata shilingi ya kodi, na siku hizo zote nilikuwa nimezikataa kazi nyingine nikingoja kuitwa. Tangu hapo natamka sharti langu siku ya kwanza: nikijulishwa kabla ya saa 12 jioni ya siku iliyotangulia, tutaelewana nusu, nikijulishwa asubuhi, malipo ya siku hiyo ni yangu yote.

Baba, Majengo
Kwa heshima, sikubaliani. Mimi ninauza nafaka sokoni. Siku isiyo na wateja hakuna anayenilipa. Namlipa dada kwa siku aliyofanya kazi, na nilimweleza hivyo kabla hajaanza.

Mlezi, Nkuhungu
Ulimweleza kabla, baba, na hapo sina neno. Mimi sikuelezwa.

Mama wa wawili, Ilazo
Sisi na dada wetu wa kazi tulifika hadi kwa mwenyekiti wa mtaa. Alisikiliza kwa utulivu, akauliza swali moja tu: nani ana maandishi? Hakuna aliyekuwa nayo, kwa hiyo tulibaki kuapizana mbele ya mzee wa watu hadi aliposema tugawane hasara. Jirani yangu anayefahamu mambo ya kazi aliniambia baadaye kwamba dai la malipo linaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, lakini hata huko mtu asiye na kumbukumbu hupata shida.

Mtoa mada
Nawashukuru. Jana nilimpa shilingi 20,000 zilizobaki, akazihesabu mbele yangu, jambo ambalo zamani lingeniudhi. Kisha akauliza kuhusu Nane Nane, kwa kuwa nitakuwa zamu kwenye maonesho Nzuguni siku hiyo. Ni sikukuu ya kitaifa, na malipo yake ni mara mbili. Tumeiandika kwenye daftari jipya; la kuku amerudishiwa mwenyewe.