Naomba mbinu za kumnasa samaki greilingi, mto Chena (Alaska)

PweziMjini: Habari zenu wakuu. Mimi mtoto wa Tanga, kazi imenileta Fairbanks. Nyumbani changu na tasi nimewavua tangu shule ya msingi: mshipi, risasi, kipande cha ngisi, basi. Huku kuna greilingi, ana pezi mgongoni kama tanga la ngalawa. Maji ya Chena ni maangavu, nawaona kabisa, ila nikitupa tu wanatawanyika. Wikiendi tatu natoka kapa. Natumia mshipi wa paundi 20 na ndoana ya changu. Nakosea wapi?

Mzee wa Mtoni: Mdogo wangu, kwa mshipi huo unavuta jahazi? Greilingi ana kamdomo kadogo na anapenda wadudu wanaoelea. Tafuta mshipi wa paundi 4 na inzi bandia wa manyoya, namba 14 au 16. (Namba ikipanda ndoana inapungua. Mimi nilinunua kinyume, nikacheka peke yangu dukani.) Samaki huyo anatazama mkondo unakotoka, kwa hiyo mjie kwa nyuma, tupa mbele yake, maji yenyewe yamletee. Inzi akiburuzwa mpaka akaacha mchirizi juu ya maji, mara nyingi samaki hamgusi.

Bi Nyavu: Na ngisi abaki kwenye friji, kaka. Chena, kuanzia lambo la Moose Creek kwenda juu mtoni, ni chambo bandia chenye ndoana moja tu. Greilingi wa mto huo anarudishwa majini. Kale kamwiba ka ndoana kabane kwa koleo, na lowesha mikono kabla ya kumshika. Leseni unayo?

PweziMjini: Ninayo dada. Kurudishwa?! Mke wangu ameshakata vitunguu.

Mzee wa Mtoni: Apike maharage.

Kibyongo: Fimbo ya kutupia inzi bandia inachelewa kuzoeleka. Anza na chambo cha kibati kinachozunguka majini, namba 0 au 1, kwenye fimbo ya kawaida. Ing'oe ndoana ya meno matatu, weka ya jino moja. Pitisha pale maji ya kasi yanapoingia kwenye kina na kutulia.

PweziMjini: MREJESHO. Jana saa nne usiku, jua bado lipo! Wa kwanza kakata mshipi. Wa pili nimemshika, pezi lina madoa mekundu na samawati, nikamwachia roho ikiuma. Aliyekula vizuri ni mbu.

Bi Nyavu: Kofia ya chandarua, kaka. Tulipaswa kuanza na hiyo.