Mtoto KESHAKAA kwenye bembea, anashushwa kwa sababu mwenzake kavaa utepe wa elfu kumi!

Mama Pacha wa Duga

Wakuu, ndiyo kwanza naingia ndani, hata baibui sijavua. Naandika mikono inatetemeka.

Sitaji jina. Mnamjua. Yule bwana wa filimbi, wa yale mabembea yanayokuja kila sikukuu. Kama humjui muulize mwanao, kila mtoto wa Tanga hii anamjua na leo wangu wamemjua zaidi.

Idi Pili, nimewavalisha wanangu kanzu mpya na viatu vya kuwaka taa, tukaenda. Mlangoni nimelipa. Bembea nimelipa, lile kubwa la viti vya minyororo. Tukaingia foleni. Foleni ile ukiinyoosha ncha yake inagusa Muheza. Adhuhuri imetukuta humo, Alasiri imetukuta humo. Muuza barafu za ukwaju kamaliza ndoo, kaenda kwao, kagandisha nyingine, karudi, sisi tupo palepale. Mama aliyekuwa mbele yangu nadhani alipanga foleni mtoto akiwa mgongoni, alipofika mbele mtoto anaota ndevu.

Sawa. Tumevumilia. Zamu yetu ikafika. Hasani akakaa, Huseni akakaa kiti cha pili yake. Mikanda ikafungwa. Wamekwishaishika minyororo, wananipungia mkono, na mimi nimeinua simu niwapige picha.

Hapo ndipo akapita mama mmoja na mwanawe mwenye utepe wa njano mkononi, ule wa elfu kumi wa kuruka foleni, kwa geti la pembeni. Yule bwana akapiga filimbi, akaenda kwa Hasani wangu, akamfungua mkanda, akamshika kwapani, akamtua chini kama kapu la machungwa. Kiti akapewa mwenye utepe.

AKAMSHUSHA. Mtoto keshakaa, keshafungwa mkanda, akamshusha!

Namuuliza, kaka, mtoto keshakaa, unamshushaje? Ananijibu hata usoni hanitazami: "Mama, hawa wamelipia." Na mimi niliingia kwa dua?

Halafu akaliwasha bembea! Hasani yuko chini analia, Huseni yuko juu analia, hataki kubembea bila mwenzake. Kila likizunguka upande wetu nasikia "Maamaaa" inapita hewani, inaenda mpaka upande wa bahari, inarudi "Maamaaa". Meli zilizotia nanga zimesikia. Watu wa Pemba wamesikia. Mwenye filimbi peke yake ndiye hakusikia.

Elfu kumi ya utepe ndiyo inampa mtu haki ya kumshusha mtoto wa miaka sita aliyekwishakaa? Naomba mnijibu, maana hapa nilipo nikikutana naye nitaimeza ile filimbi.

Siti ya Dirishani

Nimewahi mapema. Mleta uzi endelea, kashata ninazo.

Mgosi wa Makorora

Sasa dada si ungetoa hiyo elfu kumi yaishe? Sikukuu yenyewe mara mbili kwa mwaka. Kanzu mpya umeweza, viatu vya taa umeweza, utepe umeshindwa.

Mama Pacha wa Duga

Mgosi, hujasoma. Mtoto alikuwa KESHAKAA. Wangewapitisha wenye utepe mbele yangu foleni nzima ningenuna tu, ningekaa kimya. Lakini mkanda ulikwishafungwa! Ameufungua kwa mkono wake!

BongeLaMtu

Weka picha.

Mama Pacha wa Duga

Picha niliyonayo ni ya mgongo wa yule bwana anamshusha mwanangu. Siiweki, mtoto kakunja uso, hajapendeza.

Mwanasheria wa Kijiweni

Mimi nitatofautiana na mleta uzi kidogo. Uwanja wa mpira wa Mkwakwani pale, jukwaa kuu unalipa zaidi ya mzunguko, mbona hulalamiki? Mwenye pesa anapata huduma ya pesa yake. Ndiyo biashara ilivyo dunia nzima.

Mama Pacha wa Duga

Mwanasheria, nakuheshimu, ila jukwaa kuu lina viti vyake. Lini uliona mtu wa jukwaa kuu anashuka mpaka mzunguko, anamnyanyua mtu aliyekwishakaa, anakaa yeye? Anayelipia kivuli kapata kivuli chake na mimi wa juani nimebaki na jua langu, tumeachana salama. Bembea lile viti ni vilevile! Utepe haukuongeza hata kiti kimoja. Alichouziwa yule mama ni zamu ya Hasani, na Hasani hakuulizwa kama anauza.

Kahawa Chungu

Hapo mama kaongea. Hata treni ya SGR, daraja la juu na daraja la kawaida wote wanafika Morogoro dakika ileile. Mmoja kakalia kiti kipana, basi. Hakuna anayeteremshwa Pugu.

Kijana wa Raskazone

Idi ijayo mnitafute. Nawapangia foleni kwa elfu mbili tu, mnakuja mkiitwa. Familia yenye pacha nawapunguzia.

Mkazi wa Orlando

Habari za sikukuu ndugu zangu. Mimi wa Ngamiani, niko Florida miaka mingi, nimefanya kazi karibu na hizi bustani kubwa za michezo. Hii ya kulipia kuruka foleni haikuanzia kwenu.

Disney mwaka 1999 walileta kitu kinaitwa FastPass. Kilikuwa BURE. Unatia tiketi yako ya mlangoni kwenye mashine, inakutolea kikaratasi chenye saa ya kurudi. Unaenda kula, unarudi saa hiyo, unapita mlango wa pembeni. Tajiri na maskini wote kikaratasi kimoja. Oktoba 2021 wakaleta Genie+, ya kulipia, Florida ikaanza dola 15 kwa kichwa kwa siku, na michezo inayopendwa zaidi ikawa inalipiwa peke yake juu ya hapo. Mwaka 2024 wakaibadilisha jina, sasa ni Lightning Lane Multi Pass. Mwishoni mwa mwaka huohuo wakaja na Premier Pass, isiyokupangia saa ya kurudi, unaingia unapotaka. Magic Kingdom, mojawapo ya bustani zao, siku za watu wengi bei iliyotangazwa ilifika dola 449 kwa mtu mmoja. Tiketi ya mlangoni ni pesa nyingine.

Majirani zao Universal wana Express Pass, na ukilala kwenye hoteli zao fulani za bei ya juu wanakupa humohumo.

Sasa jinsi inavyofanya kazi: kuna mistari miwili, wa kulipia na wa kusubiri, inakutana karibu na mchezo. Anayesimama pale kwenye makutano ndiye anayeamua. Anaingiza wengi wa kulipia, halafu wachache wa kusubiri, anarudia. Ndiyo maana ukiwa mstari wa kusubiri unaweza kuona umesimama tu na huku mchezo unazunguka bila kusita. Viti havijaongezeka, kama alivyosema Mama Pacha. Dakika anazookoa mwenye pesa ndizo zinazoongezwa kwako.

Lakini kumshusha mtu aliyekwishafungwa mkanda ili akae mwenye pasi, hilo sijaliona huku.

Mama Pacha wa Duga

Umesikia Mwanasheria? MAREKANI, kwenye ubepari wenyewe, mtoto akishakaa kakaa! Akija mwenye dola 449 anangoja mzunguko unaofuata. Tanga ndiyo tumewashinda!

Binti Pongwe

Subirini kwanza. Dola 449? Si inapita milioni moja ya kwetu? Kwa kichwa?? Kwa siku??? Mimi kwa hiyo pesa namwita fundi wa kuchomelea anaunda bembea uani kwangu, na anayebaki nje ni mwenye filimbi.

Mgosi wa Makorora

Nimeona sasa. Na huyo pacha wa juu baadaye alishukaje?

Mama Pacha wa Duga

Alishuka kalowa machozi kanzu nzima. Mwenye utepe kashuka anacheka, kapanda tena hapohapo, maana utepe ni wa kutwa. Wangu wawili hawakupanda pamoja. Nimemwomba yule bwana awape mzunguko mmoja tu, wawili pamoja, akanionesha mwisho wa foleni kwa kidole. Mwisho wa foleni! Kule Muheza!

Tiketi Mkononi

Mama pole sana. Mimi niliwahi kukata tiketi kwenye mabembea, si ya huyo, ya mwingine. Niwaeleze upande wa pili. Mwenye mabembea anakodi kiwanja, analipa ushuru, jenereta inakunywa dizeli kuanzia asubuhi mpaka usiku, na vijana wa kufunga na kufungua vyuma wanataka chao. Anapata watu siku chache za Idi na Krismasi, zilizobaki vyuma vinakula kutu. Kwa hiyo utepe simlaumu, ndiko faida iliko.

Ila sisi utepe ulikuwa unaishia GETINI. Tuliacha viti viwili vya wenye utepe kila mzunguko, wakijaa wanasubiri. Akishafungwa mkanda mtu, hata aje mwenye uwanja hashushwi. Na si ubinadamu tu, ni usalama: ukianza kufungua na kufunga mikanda kwa haraka na mashine iko tayari, kuna siku utasahau mmoja.

Mama Pacha wa Duga

Asante sana mwanangu. Umeona? Kumbe hata wao wana utaratibu, huyu ndiye hana. Viti viwili vya utepe, vingine vya watu. Angesema hivyo tangu mwanzo na kuandika kwenye ubao pale getini, nani angelia? Tena kuhusu huo mkanda, aliufunga wa yule wa pili haraka haraka mpaka mimi mwenyewe nikamwambia angalia vizuri. Mtoto wa mwenzangu hana kosa.

Utingo Mstaafu

Hayo ya bembea ni madogo. Kuna benki moja mjini, sitaji, ile yenye kiyoyozi cha kugandisha samaki. Una namba yako 64, wanahudumia 63. Anaingia mtu na funguo za gari kidoleni, anasalimiana na meneja, anapelekwa dirisha la pembeni. Namba 64 nimeishika mpaka wino umefutika. Nimeingia mle nina nywele.

Binti Pongwe

Utingo bora wewe una kiti. Nimempeleka bibi yangu kliniki moja asubuhi ya giza, tumekuta daftari la majina, tumeandika. Kumbe kuna daftari la pili! Wenye daftari la pili wanaitwa kwa sauti ya upole. Bibi kaniambia mjukuu wangu, presha imekwishashuka yenyewe, turudi tukale.

BongeLaMtu

Daftari la pili 😂😂😂

Mama Pacha wa Duga

Poleni wote, ila jamani turudi kwenye mada. Mtoto alikuwa keshakaa. Nani anamjua mwenye ile kampuni, nimfikishie? Simtaki huyu wa filimbi, namtaka bosi wake.

Wa Chumbageni

Foleni zote hizo hamjaona kitu. Nimealikwa harusi, Ngamiani, barabara sitaji. Tumekaa masinia kwa masinia, watu sita sita. Linaingia sinia la kwanza la biriani, nasikia harufu nikajua leo leo. LIKANIPITA. Likaenda meza ya mbele wanayoiita VIP. Mapaja yote huko. Viazi vya kukaanga vyote huko. Sisi tumeletewa wali wa njano na mfupa mmoja, watu sita tunautazama, kila mtu anamkaribisha mwenzake kwa adabu.

Kahawa Chungu

Biriani linatenganishwa??? Hapo sasa ndiyo serikali iingilie.

Siti ya Dirishani

Kashata zimeisha, nakimbilia dukani narudi. Wa Chumbageni usimalize bila mimi.

Mwanasheria wa Kijiweni

Kwenye biriani naungana na mlalamikaji asilimia zote. Mchango wa harusi tulichanga sawa, iweje nyama isiwe sawa? Mwenyekiti wa kamati ya chakula ajibu.

Mama Pacha wa Duga

Mwanasheria! Kumbe kwenye nyama unaiona haki! Mwanangu je???

Mkazi wa Orlando

Wa Chumbageni, hilo biriani lilikuwa la nyama ya ng'ombe au mbuzi? Nauliza tu, huku nina hamu.

Wa Chumbageni

Mbuzi, mkuu. Kwa harufu. Kwa mdomo siwezi kuthibitisha.

Mgosi wa Makorora

Ya mbuzi ni pilau. Biriani zuri la kuku.

Tiketi Mkononi

Mgosi usitupotoshe, biriani la mbuzi ndilo lenyewe. Kuku anavurugika kwenye rojo.

Kijana wa Raskazone

Hiyo harusi ni ile ya Jumamosi iliyopita? Yenye turubai la kijani? Kama ndiyo, mimi nilikuwa meza ya mbele, na nyama ilikuwa ngumu hata huko.

Wa Chumbageni

Kumbe ni WEWE! Shati la drafti! Ulibeba na mfuko!