Mjadala: Wachezaji wa hurling Ireland walipwe mshahara, au waendelee kucheza kwa ridhaa?

Wadau, swali hili haliishi huko Ireland, na mimi upande wangu ni mmoja: wasilipwe mshahara. Nitamtumia mtu mmoja kama mfano, Brian Cody, mchezaji na baadaye kocha wa kaunti ya Kilkenny.

Kwa wasioujua, hurling ni mchezo wa fimbo na kampira kagumu, watu 15 kila upande. Fimbo huchongwa kwenye mti uitwao ash, kile kipande cha chini kabisa ambapo shina linapinda kuingia mzizini, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo wa fimbo. Chama chake, GAA, kilianzishwa 1884, mmoja wa waasisi akiwa mwalimu, Michael Cusack. Unachezea klabu ya parokia yako, ukiiva unaitwa timu ya kaunti. Mshahara hakuna.

Cody alikuwa beki. Fainali ya Ireland nzima ya 1978 walimpanga mbele, Kilkenny ikafungwa na kaunti ya Cork, na timu iliporudi nyumbani akazomewa. Fikirini hapo: wanaomzomea ni watu atakaokutana nao dukani kesho yake. Miaka minne baadaye aliwanyanyulia watu hao hao kombe la Ireland nzima, akiwa nahodha. Kazi yake ilikuwa ualimu wa shule ya msingi hapo hapo Kilkenny, akapanda hadi mwalimu mkuu. Kuanzia mwishoni mwa 1998 hadi 2022 akaifundisha timu ya kaunti na kuipa mataji 11. Namwona bado pembeni ya uwanja, kofia kichwani, anatemea mate viganja na kuvisugua kama mtu anayetaka kushika jembe.

Kilkenny ina watu laki moja na ushee, na hakuna kaunti yenye mataji mengi kuizidi: 36. Dublin, kwenye mji mkuu, ina zaidi ya milioni moja. Fungueni soko la mishahara muone vijana wa Kilkenny watavaa jezi gani.

*Mchangiaji:*
Mkuu, umechagua mfano unaokubeba. Mwalimu anatoka kazini alasiri, na kiangazi, mashindano ya ubingwa yakiwa yamepamba moto, shule zimefungwa. Niletee nesi wa zamu za usiku. Niletee fundi aliyebeba zege tangu asubuhi, jioni anaendesha gari kwenda mazoezini. Uwanja wa Croke Park unajaza watu 82,300 siku ya fainali. Kiingilio kinalipwa, televisheni inalipa, muuza soda anapata chake, ila anayepigwa fimbo ya vidole ndiye anaambiwa achezee heshima. Wachezaji hawakuunda chama chao 1999 kwa kujifurahisha. Na makocha je? Maneno ya bahasha za siri ni ya miaka mingi, hadi GAA yenyewe ikatoa waraka kuhusu malipo hayo 2012.

*Mleta mada:*
Hilo la mwalimu nakubali, na limenigusa. Ridhaa inamwelemea fundi kuliko mwalimu. Ruzuku ya serikali kwa wachezaji wa kaunti ipo tangu 2008. Iongezwe, na yule anayepoteza siku ya kazi afidiwe siku yake. Bahasha nazo zikomeshwe, maana huwezi kumwambia kijana acheze bure huku kocha wake anapokea kwa mlango wa nyuma.

Lakini fidia si mshahara. Mshahara unakuja na mkataba, na mkataba unauzika. Joe McDonagh, mwalimu mwingine, alikuwa kwenye kikosi cha kaunti ya Galway kilichotwaa taji 1980, la kwanza tangu 1923, na mwaka 1997 akawa rais wa GAA. Wachezaji, makocha na viongozi wanatoka kisima kimoja. Leo klabu ya parokia ikitaka mtu wa kuwashikisha fimbo watoto wa miaka minane, inamwendea mchezaji wa zamani, naye anakuja Jumamosi asubuhi kwenye matope bila kuuliza bei. Mkuu, mchezaji akishazoea kuuza saa zake, hao watoto utawapelekea nani?