Nyumba ya urithi Mji Mkongwe: asiyeweza kuitengeneza auze?

Assalaam alaykum. Kuna hoja nimeisikia mara nyingi: Mji Mkongwe wa Zanzibar ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, basi mwenye nyumba asiyeweza kuitengeneza kwa chokaa na boriti kama inavyotakiwa, amuuzie anayeweza. Naipinga.

Kuhusu chokaa sina ubishi. Nyumba aliyotuachia babu ilipigwa plasta ya saruji upande wa uani, kwa kuwa ilikuwa rahisi na fundi alikuwepo. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji, kisha huyatoa taratibu kupitia chokaa. Saruji iliuziba pumzi. Masika mawili tu, plasta ikavimba na kudondoka vipande vipande. Nyuma yake jiwe limekuwa unga, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vimeoza. Wanaotukataza saruji wanasema kweli.

Lakini boriti ya mkoko nene na iliyonyooka ni ghali, na chokaa inataka muda na fundi anayeijua. Sisi warithi ni kumi na mmoja, wengine wako Maskati, wengine Dar. Nyumba ikipasuka, mpita njia anasema wenyewe wamezembea.

Tazameni Jumba la Maajabu, alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883. Ni jumba la Serikali, lilikuwa katikati ya ukarabati, na bado sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafa. Ikiwa Serikali ilishindwa kuliwahi, mjane anayeishi kwa kuuza maandazi ataiwahije nyumba ya ghorofa tatu?

Na tukiuza, mnunuzi ni nani? Mara nyingi ni anayetaka hoteli. Kuta zitasimama, hilo sikatai. Ila ukumbi tuliosomea maulidi na kukalia matanga utakuwa mapokezi ya wageni, na jirani hatakuwa na wa kumgongea usiku akiuguliwa.

Nataka tujadili hili: sehemu ya mapato ya utalii iwarudie wakaazi kwa chokaa, boriti na ujira wa fundi, wala si fedha mkononi. Atakayesaidiwa asiiuze nyumba kwa miaka 15. Najua sharti hilo litawauma warithi wenye shida, hata sisi. Mnaona miaka hiyo ni mingi? Nanyi wenzetu wa Lamu, wenye nyumba za mawe kama hizi, mafundi mnawalipaje?