Nairobi: ardhi ya bustani tuliipigania, miti tunaiua wenyewe kwa kabro na panga

Wadau, uzi huu naufungua nikiwa na hasira, na sababu nitaieleza kwa vipimo.

Kila bustani au msitu wa Nairobi ukitajwa, mazungumzo huishia kwa wanyakuzi wa ardhi. Wapo, na walipigwa vita ipasavyo. Lakini mti hauuawi na hati ya shamba peke yake. Unauawa na kabro (matofali ya zege ya kutandaza njia) iliyobanwa shinani, na tawi lililokatwa ovyo, na kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, ambacho hakikutolewa siku ya kupanda. Hayo yanafanyika mchana kweupe ndani ya bustani zile zile ambazo watu walipasuliwa vichwa wakizitetea, na yanalipiwa kwa kodi yetu.

Turudi nyuma kidogo, maana asiyejua mji huu ulivyopandwa hatajua kwa nini upande mmoja una vivuli na mwingine ni jua tupu.

Reli ilifika 1899, na gari moshi la siku hizo lilikula kuni. Arboretum, ile bustani ya miti, ilipoanzishwa 1907, kazi yake ilikuwa majaribio: kutafuta miti ya kigeni inayokua haraka, itoe kuni na mbao. Karura nao, uliotangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi 1932, sehemu kubwa iligeuzwa shamba la mikaratusi na miti mingine ya nje. Ukiona humo mikaratusi iliyosimama kwa mistari kama gwaride, unatazama ghala la kuni la zamani. Msitu wa asili wa matuta ya huku ni miti ya muhugu, mukinduri, mutamaiyu, murarachi na muthiga. Muhugu ndio ulioumia zaidi. Mbao yake ngumu ilitakiwa na wachonga vinyago na watengenezaji wa sakafu, na mti wenyewe hukua polepole sana.

Bustani ya Jeevanjee ni ya 1906, zawadi ya mfanyabiashara A. M. Jeevanjee kwa mji. City Park, hekta 60 hivi, bado ina kipande cha msitu wa asili, kima wake, na makaburi ya mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyeuawa 1965, na Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani, aliyefariki 1990. Uhuru Park ilifunguliwa 1969.

Sasa tazama ramani. Viwanda na nyumba za wafanyakazi wa reli, Muthurwa na Makongeni, vilisukumwa mashariki na kusini-mashariki kwenye tambarare ya udongo mweusi. Wazungu walijitengea matuta ya magharibi na kaskazini, penye udongo mwekundu na vijito. Karura, City Park, Arboretum na msitu wa Ngong Road vyote viko huko. Kwa hiyo anayefanya kazi kwenye tanuri au karakana Eneo la Viwanda ndiye asiye na mti wa kuegemea saa saba mchana. Ubaguzi ule ulichorwa kwa rula na haujafutwa hadi leo.

Udongo mweusi una adabu zake. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na nyufa hizo hukata mizizi midogo. Mvua ikija hujaa maji na kuziba hewa. Mkandarasi anakuja na mche ule ule aliopanda Westlands kwenye udongo mwekundu, anachimba shimo la duara lenye kuta laini, anapanda, anaondoka. Shimo lile ni beseni. Mvua za Aprili zinalijaza na mizizi inaoza kabla ya Juni. Dawa yake inajulikana: chimba sentimita 60 kila upande, kwaruza kuta kwa jembe uma ili mizizi ipenye, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha inua tuta la sentimita 20 hadi 30 na upande juu yake. Na uchague mti unaoustahimili udongo huo, kama mgunga wa magome ya manjano. Kupeleka muthiga huko bila matayarisho ni kuua mche kwa makusudi.

Mapambano nitayapitia haraka kwa sababu yameandikwa sana. 1989 palipangwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai akasimama, akatukanwa hadharani, na mradi ukafa. Tarehe 8 Januari 1999 alishambuliwa na kuumizwa kichwa kwenye lango la Karura akiwa na miche mkononi. Msitu wa Ngong Road umepoteza zaidi ya nusu ya eneo lake la awali, na barabara ya Southern Bypass imepita katikati ya ule uliobaki. 2020 mugumo, mtini mkubwa wa asili, wa barabara ya Waiyaki Way uliokolewa kwa amri ya rais wakati barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa. Mti mmoja uliokolewa. Mingine mingi kwenye njia hiyo ilianguka.

Sasa lalamiko lenyewe.

KABRO. Mizizi inayolisha mti iko juu juu, mingi katika sentimita 60 za kwanza za udongo. Haikai chini ya shina peke yake, inatambaa mbali kuliko matawi. Fundi wa kabro huchimba sentimita 20 hadi 30, humwaga changarawe, hupitisha mashine ya kushindilia, huweka vumbi la mawe, hupanga kabro hadi kugusa gome. Kwa siku moja amekata mizizi, amefunga hewa na amezuia maji. Mti haufi siku hiyo, na hapo ndipo wenye mradi wanapojificha. Mwaka wa kwanza majani yanakuwa madogo. Mwaka wa pili au wa tatu ncha za juu zinakauka. Baadaye mti unaanguka juu ya gari wakati wa masika, kisha tunaambiwa ulikuwa "mzee na hatari". Mjakaranda uliovumilia moshi wa magari miaka mingi umeuawa na matofali ya ukarabati.

Kipimo cha kuulinda ni rahisi, kinahitaji utepe wa fundi cherehani tu. Zungusha utepe kwenye shina kwa kimo cha kifua. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Zidisha mara 12. Shina lenye mzingo wa sentimita 157 lina kipenyo cha sentimita 50, hivyo mita 6 kila upande hazichimbwi, hazishindiliwi, hazimwagiwi saruji wala kuegeshewa lori la mchanga. Njia ikilazimika kupita humo, ipite juu ya udongo bila kuchimba, kwa kokoto zisizo na vumbi. Na hata pakibanana namna gani, acheni udongo wazi wa mita 1.5 kwa 1.5 kuzunguka shina. Sasa hivi tunaachiwa duara la sinia.

KUKATA MATAWI. Vikosi vinavyosafisha njia za nyaya hukata kichwa chote cha mti na kuacha visiki vya matawi. Kisiki hicho hakifunikwi na gome, kwa hiyo kinaoza kuelekea ndani ya shina. Pembeni yake yanachipuka machipukizi kumi au zaidi, yameshikana na gome la juu tu. Baada ya miaka mitatu yamekuwa mazito na yanapasuka kwa upepo mdogo. Ndivyo mti salama unavyogeuzwa kuwa hatari, kisha unapewa hukumu ya kung'olewa.

Tawi nene hukatwa mara tatu. Kwanza, sentimita 30 kutoka shinani, kata kutoka chini hadi theluthi ya unene. Pili, songa mbele kidogo, kata kutoka juu mpaka tawi lianguke. Lile jeraha la chini ndilo linalozuia gome lisichanike hadi shinani. Tatu, kata kipande kilichobaki nje kidogo ya ule uvimbe ambapo tawi linakutana na shina. Uvimbe huo usiguswe, ndio unaofunga kidonda. Usipake rangi wala oili chafu. Yote hayo ni dakika 15 za ziada. Mwenye panga hana dakika hizo kwa sababu analipwa kwa idadi ya miti.

KUPANDA KWA KAMERA. Lengo la taifa ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa likizo ya kupanda, na angalau hiyo iliangukia ndani ya vuli. Tarehe 10 Mei 2024, siku ya kuomboleza waliokufa kwa mafuriko, tukaambiwa tena tupande. Mche unaoingia ardhini Nairobi tarehe 10 Mei unabakiwa na wiki chache za mvua, halafu unakabili ukavu hadi Oktoba. Bila mtu wa kumwagilia, huo ni msiba mwingine. Mche wa mtaani unataka lita 20 mara mbili kwa wiki wakati wa ukavu, kwa misimu miwili ya kwanza. Ni nani ameandikwa kazi hiyo? Bajeti ina miche, fulana na mahema, haina maji.

Miche yenyewe mara nyingi imekaa kitaluni muda mrefu mno. Pasua kiriba utakuta mizizi imejizungusha kama kamba ndani ya ndoo. Ukiipanda hivyo, itaendelea kujizungusha hadi ijinyonge, na mti utaanguka ukiwa na miaka minane au kumi, ukionekana mzima kabisa. Mizizi hiyo hukatwa kwa kisu kikali, mikato mitatu au minne ya wima, na ile iliyosokotana chini huondolewa. Mche upandwe kimo kile kile uliokuwa nao kitaluni. Ukizika shina unaoza shingoni. Weka matandazo ya unene wa sentimita 8, mbali na shina kwa upana wa kiganja.

NYONGEZA, kwa wanaouliza kwa nini mikaratusi ya Karura ikatwe kama kweli tunapenda miti. Kuiondoa ni sahihi, ila kwa vipande. Ukifyeka eneo kubwa kwa mpigo, jua linaingia na lantana, kichaka vamizi cha kigeni, inashika kabla mche haujasimama. Kisiki cha mkaratusi huchipuka tena, kwa hiyo kibanduliwe gome hadi chini ya udongo na machipukizi yang'olewe kila baada ya miezi miwili. Hutangulia mukinduri, unaokua haraka na kutoa kivuli, ndipo muhugu na mutamaiyu vifuate chini yake. Muhugu una miti dume na miti jike, na mbegu zake nyingi ni tupu au zimeliwa na wadudu, kwa hiyo kitalu lazima kipande nyingi kupita kiasi ili kipate miche ya kutosha. Anayekuahidi maelfu ya mihugu kwa msimu mmoja anakudanganya.

NYONGEZA YA PILI. Wanaosema hakuna sheria wanakosea. Katiba ya 2010, ibara ya 69, inaitaka serikali ifikishe miti asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na ibara ya 62 inaweka misitu ya serikali katika ardhi ya umma. Kinachokosekana ni kifungu ndani ya mkataba wa kazi. Tunadai haya: sehemu ya malipo ya mkandarasi izuiliwe miezi 24, ihesabiwe miche iliyo hai na si iliyopandwa, na kila mti mkubwa ndani ya eneo la ujenzi uzungushiwe uzio kwa kile kipimo cha mara 12 kabla mashine ya kwanza haijashushwa kwenye lori. Uzio ukija baada ya mashine hauna kazi, mizizi imeshakatwa.

Mwenye picha za mti uliobanwa na kabro kwenye bustani yoyote ya Nairobi aziweke hapa chini, na aandike mzingo wa shina, umbali kutoka gome hadi kabro ya kwanza, na mwezi kabro ilipowekwa. Wa Eastlands, mitaa ya mashariki, waanze.