Nimepanga Tabata, nataka bima ya vitu vya ndani. Nianzie wapi?

Mpangaji wa Tabata:
Habari zenu wakuu. Juzi hitilafu ya umeme imeunguza chumba cha jirani niliyepanga naye nyumba moja. Kawatoa watoto tu, vyombo vyote vimeteketea. Mwenye nyumba anasema yeye ana bima. Nikamuuliza, na vitu vyetu? Kimya. Nina friji, TV, kitanda, cherehani na ovaloki (mashine ya kufunga pindo za nguo), maana nashona hapahapa nyumbani. Kuna wakala ananipigia simu kila siku, naomba ushauri kabla sijalipa.

Kimara Mwisho:
Poleni dada. Bima ya mwenye nyumba ni ya jengo: kuta, paa, milango. Godoro lako halimo. Wewe kata bima ya vitu vya ndani, mpangaji anaruhusiwa. Ila taja thamani halisi! Ukiwa na vitu vya milioni 10 ukakata bima ya milioni 5 ili ada iwe ndogo, siku ukiibiwa vya milioni 2 wanaweza kukulipa milioni 1 tu, kwa sababu ulikatia nusu ya thamani. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia.

Mama Wawili:
Mimi naona cherehani ndiyo shida kubwa kwako. Bima ya nyumbani mara nyingi haihesabu vifaa vya biashara, sembuse vitambaa vya wateja. Mwambie wakala kwa maandishi kwamba unashona hapo. Ukinyamaza, umewapa sababu ya kukunyima fidia.

Mdau Temeke:
Soma pia kipengele cha wizi. Bima nyingi zinataka dalili za kuvunja, kitasa kimeng'olewa au nondo imekatwa. Mwizi akiingia mlango ukiwa wazi, imekula kwako. Ukiibiwa, RB ya polisi (namba ya taarifa uliyoripoti) ichukue mapema. Risiti za EFD zinafifia, zipige picha leo, pamoja na namba iliyo nyuma ya friji, kisha zitume kwenye barua pepe yako. Simu nayo huibiwa.

Kimara Mwisho:
Wakala akuonyeshe leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, usitume kwenye namba yake binafsi, halafu hakiki bima yako kwenye TIRA MIS, mfumo wao wa mtandaoni. Wakikuzungusha kwenye madai, nenda Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mpangaji wa Tabata:
Asanteni sana. Nimemwandikia, kajibu ovaloki inaingia kwa ada ya ziada, vitambaa vya wateja hapana.

Mama Wawili:
Basi vitambaa uliza bima ya biashara ndogo. Kwa sasa usilaze ndani mzigo mkubwa wa sare za harusi, mteja alete kidogokidogo.